Isingiro: je, familia inaweza kujitegemea hapa?

Mwezi huu tunajibu swali ambalo wazazi wengi wanatuuliza wakija kuchukua watoto shuleni: "Mwalimu, hii wilaya ya Isingiro inafaa kweli kwa mtu anayetaka kusimama mwenyewe, ama tunajidanganya?" Wanaouliza ni wale waliofika tangu vita ilipofika Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, na pia wale walioko Nakivale miaka 15 na zaidi.

Swali hili siyo la kupitisha muda. Mwezi wa nne 2020 WFP ilipunguza chakula kwa asilimia 30. Mwezi wa pili 2021 kikashuka tena, tukabaki na asilimia 60 ya kile cha zamani. Kuanzia 2023 familia zikapangwa kwa makundi kufuatana na uhitaji, na mwaka 2025 karibu watu milioni moja nchini Uganda wakatolewa kwenye orodha ya chakula. Mwezi wa kwanza mwaka huohuo Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia zilizokuwa zimeshafunga mizigo zikabaki. Kwa hiyo lazima tuitazame ardhi tuliyosimama juu yake na kuipima bila huruma na bila chuki.

Nimeipima kama ninavyopima daftari za wanafunzi: kila somo alama 10. Masomo ni saba. Mwishoni tutajumlisha.

ISINGIRO IKO WAPI

Kwa wale ambao bado ni wageni: Isingiro iko kusini magharibi mwa Uganda. Zamani ilikuwa sehemu ya Mbarara, ikakatwa ikawa wilaya yake. Upande wa kusini mto Kagera unaitenganisha na Tanzania, na kwenye kona ya kusini magharibi Rwanda iko karibu. Makao ya wilaya yako Kabingo. Ukipanda gari Mbarara kuelekea Kikagati unapita kwenye lami, na pande zote mbili unaona milima iliyovaa migomba kutoka chini mpaka karibu na kilele. Malori ya matoke yanatoka huko usiku na mchana kwenda Kampala. Ukiiona njia ile tu utasema hii ni nchi ya shibe.

Lakini ukishuka kuja kwetu Nakivale, nchi inabadilika. Migomba inapungua, miti ya miiba inaongezeka, nyasi zinakuwa fupi. Tuko kwenye ule ukanda ambao Waganda wanauita ukanda wa ng'ombe, kwa sababu tangu zamani ulifaa kuchunga kuliko kulima. Makazi yetu ni ya zamani sana katika Afrika: yalianza kupokea Wanyarwanda mwaka 1958, yakatambuliwa rasmi 1960. Leo tuko zaidi ya watu laki moja na nusu, Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, Waeritrea na wengine, katika zoni tatu: Base Camp, Juru na Rubondo.

Kwa hiyo jambo la kwanza: ukisikia mtu anasema "Isingiro ina rutuba", muulize ni Isingiro ipi. Ya mlimani na ya bondeni ni kama watoto wawili wa mama mmoja, sura inafanana lakini tabia siyo.

UPIME MWEZI WA SABA

Mtu akifika hapa mwezi wa kumi na moja, ataona mahindi yamesimama, maharagi yana maua, lenga-lenga inaota hata njiani. Atasema, "Nimefika." Mtu huyohuyo angefika mwezi wa saba angekuta vumbi, foleni ya bidoni, na mbuzi wanakula makatoni. Hapa tuna mvua mara mbili: ya kwanza kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano, ya pili kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa kumi na mbili. Kati yake kuna kiangazi kikubwa cha mwezi wa sita, wa saba na wa nane, halafu kiangazi kidogo baada ya Noeli.

Mahali pa kuishi panapimwa kwa kiangazi. Wakati wa mvua kila mahali ni pazuri, hata jangwani huota majani. Kwa hiyo alama zote ninazotoa hapa chini ni za mwezi wa saba.

1. MVUA NA UDONGO: 6 kwa 10

Misimu miwili kwa mwaka ni baraka. Kuna sehemu nyingi za Afrika zenye msimu mmoja tu, ukikosa umekosa mwaka mzima. Maharagi yanakomaa kwa miezi mitatu hivi, mahindi kwa miezi minne, viazi vitamu kwa minne au mitano. Muhogo unataka miezi tisa mpaka mwaka na zaidi, lakini sombe yake unaanza kuchuma mapema, nao unavumilia jua.

Ninakata alama nne kwa sababu mvua ya hapa ina uongo. Inaweza kunyesha siku tatu, watu wakapanda, halafu ikakaa wiki tatu bila kurudi. Mwishoni mwa 2016 na mwanzoni mwa 2017 Isingiro ilipigwa na ukame mkali, migomba ikakauka, ng'ombe wakafa, na wenyeji wenyewe wakahitaji msaada wa chakula. Tangu 2017 pia tuna viwavijeshi vinavyokula mahindi kuanzia moyoni. Na migomba ina ugonjwa wa mnyauko: majani yanageuka njano, ndizi zinaiva mapema na ndani zinaoza. Wakulima wa hapa wanaupunguza kwa kukata lile ua la chini kwa mti wenye panda badala ya panga, na kwa kupitisha panga kwenye moto kabla ya kwenda mgomba mwingine. Jifunzeni kwao.

Ushauri: usipande kitu kimoja. Gawa shamba. Muhogo na viazi vitamu ndiyo akiba ya siku mvua ikidanganya.

2. UKUBWA WA SHAMBA: 2 kwa 10

Hapa tuhesabu pamoja, wazazi wachukue kalamu.

Zamani familia zilikuwa zinapewa sehemu kubwa ya kulima. Watu walipoongezeka, sehemu zikapungua, na siku hizi kiwanja kinachojulikana ni mita 30 kwa 30, na wengine wana pungufu. Hiyo ni mita za mraba 900, haifiki hata robo ya eka. Toa nyumba, jikoni, choo na njia, unabaki na kama mita 700 za kulima.

Chukua familia ya watu sita. Kila mmoja akila gramu 400 za mahindi kwa siku, familia inakula kilo 2.4 kwa siku, yaani kilo 876 kwa mwaka. Sasa tuseme umelima vizuri, mvua imekuja, na unavuna kama mtu anayevuna kilo 800 kwa eka. Kwenye zile mita 700 utapata kama kilo 140. Misimu miwili, kilo 280. Gawa kwa 2.4: ni siku 116, karibu miezi minne. Miezi minane inabaki mikono mitupu, na hapo hatujanunua chumvi, sabuni wala daftari.

Kwa hiyo anayesema "nipe kiwanja nitajilisha" hajapiga hesabu. Kiwanja cha 30 kwa 30 hakilishi familia kwa mahindi hata mkulima awe hodari namna gani. Ila kinaweza kuwapa mboga mwaka mzima. Lenga-lenga inachumwa baada ya wiki tatu au nne. Sukuma, nyanya, biringanya, sombe kwenye ukingo, maboga yapande juu ya paa la jikoni. Magunia yaliyojazwa udongo na mbolea, yenye matundu pembeni, yanabeba miche mingi mahali padogo. Mahindi na maharagi tafuta pa kuyalima nje, tutafika huko.

Huko Marekani wapo watu ambao leo wanatafuta wilaya za mashambani za kuhamia ili wajilishe wenyewe siku mambo yakiharibika. Wanatafuta maji, udongo, kuni, na hasa kukaa mbali na watu. Nchi yao ina historia ya jambo hili: sheria ya mwaka 1862 iliipa familia eka 160 bure, mradi ijenge, ilime na ikae miaka mitano. Eka 160 ni zaidi ya mara 700 ya kiwanja chetu! Na hata hivyo, kwenye nyanda kavu za magharibi wengi walishindwa wakaondoka, kwa sababu walipewa ardhi lakini hakuna aliyewapa mvua. Tena ardhi ile ilikuwa na wenyewe, watu wa asili walioondolewa kwa nguvu. Mambo hayo mawili tuyakumbuke tunapoendelea: eneo kubwa bila maji halilishi mtu, na hakuna ardhi isiyokuwa na mwenyeji.

3. MAJI: 4 kwa 10

Tuna ziwa Nakivale. Linapata maji kwa mto Rwizi, uleule unaopita Mbarara mjini. Ni ziwa la kina kifupi, na pamoja na ziwa Mburo na mabwawa yake limeorodheshwa tangu 2006 kati ya maeneo oevu yanayolindwa kimataifa. Maji tunayochota bombani mengi yanatoka ziwani, yanasafishwa halafu yanasukumwa kwenye mabomba. Mashine ikiharibika ama maji yakijaa matope, foleni inazunguka nyumba. Watoto wanachelewa masomo, hasa wasichana. Walimu tunajua siku ambayo bomba halitoki bila kuambiwa, tunaona viti tu.

Ziwa lenyewe msilichezee. Kuna viboko, na jioni wanatoka kula nchi kavu usiku, wanarudi majini asubuhi mapema. Wazazi msitume mtoto peke yake. Na kulima mpaka kwenye ukingo wa maji sheria inakataza, kwa sababu udongo unaingia ziwani na ziwa linazidi kuwa kifupi. Tukiliua hili ziwa, tumejiua.

Sasa hesabu nyingine ndogo. Mtu mmoja anahitaji kama lita 20 kwa siku, bidoni moja. Familia ya sita, bidoni sita. Mvua ya milimita moja ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya paa inaleta lita moja. Nyumba ya bati ya mita 4 kwa 6 ina mita 24. Mvua moja nzuri ya milimita 20 inaleta lita 480. Zikimwagika 80, bado una bidoni 20 bila kupanga foleni! Wengi wetu tunaziacha zinachimba mtaro nyuma ya nyumba.

Tanki la lita 1,000 ni bidoni 50. Kwa matumizi yote ni siku nane tu, halitakuvusha kiangazi. Lakini likiwa la kunywa na kupika peke yake, bidoni mbili kwa siku, ni siku 25. Kama tanki lina bei, familia tatu au nne zinaweza kununua moja na kuliweka kwa yule mwenye bati kubwa, mkaandikiana zamu. Anzeni na mfereji wa bati na pipa moja. Maji ya paa yachemsheni kabla ya kunywa, na mvua ya kwanza baada ya kiangazi muiache ioshe bati kwanza.

4. KUNI: 3 kwa 10

Hili somo tumelifelisha wenyewe, wakimbizi na wenyeji pamoja. Miti ya karibu imekwisha. Mama anatembea mbali, anarudi amechoka, na huko porini wasichana wanakutana na hatari ambazo sitaziandika kwenye ukurasa wa watoto. Makaa yananunuliwa, na kuna familia zinazouza sehemu ya chakula ili zipate cha kukipikia.

Yanayosaidia yanajulikana. Jiko la udongo lenye mlango mdogo na bomba la moshi linakula kuni chache kuliko mafiga matatu. Maharagi yaliyolala kwenye maji usiku yanaiva mapema sana. Vumbi la makaa likichanganywa na udongo au uji wa muhogo, likafinyangwa na kuanikwa, linawaka. Na pandeni: sesbania na kaliandra kwenye ukingo wa kiwanja zinatoa kuni baada ya mwaka mmoja au miwili, ukikata zinachipua tena, na majani yake ni chakula cha mbuzi na sungura. Karatusi, hapana, siyo karibu na bustani. Ina kiu kuliko sisi sote.

5. BARABARA NA SOKO: 7 kwa 10

Hapa Isingiro inapata alama nzuri. Mbarara iko kama kilometa 60, na Mbarara ni mji mkubwa wenye kila kitu. Upande wa Kikagati kuna daraja la kuingia Tanzania. Na ndani ya Nakivale kwenyewe kuna soko ambalo vijiji vingi vya Uganda havina: maduka ya Wasomali, mikahawa ya Waethiopia, mafundi cherehani Wakongomani, wasusi Warundi, watengenezaji wa simu, waokaji. Wenyeji wanatoka mbali kuja kununua kwetu. Yaani uwingi wetu, ambao unatunyima shamba, ndio unaotupa wateja.

Ninakata alama tatu kwa sababu ya bei za wachuuzi. Wanakuja na mizani yao wakati wa mavuno, kila mtu anauza, bei iko chini. Baada ya miezi minne mahindi yaleyale yanarudi kwa bei ya juu. Dawa ni kuweza kungoja, na kungoja kunataka mahindi makavu. Kuna kipimo cha chupa: weka chumvi kavu na punje za mahindi kwenye chupa ya kioo iliyo kavu, funga, tikisa, acha dakika chache. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado mabichi, rudisha juani. Mahindi mabichi yanaota ukungu wenye sumu usiotoka hata kwa kupika. Yakikauka, mfuko usiopitisha hewa unayalinda na wadudu bila dawa.

6. AFYA YA WATU NA MIFUGO: 5 kwa 10

Tuko juu ya mita 1,200, hewa ni nzuri, joto siyo la kuua. Lakini malaria ipo mwaka mzima, na inapanda kila mwisho wa mvua, wakati uleule kazi ya shamba inapohitaji mikono. Chandarua ni chombo cha kilimo kama jembe. Vituo vya afya vipo kwenye makazi, foleni ni ndefu, na ugonjwa mkubwa unapelekwa hospitali ya rufaa ya Mbarara.

Kwa mifugo: Isingiro mara nyingi inafungwa kwa karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo, na minada ya ng'ombe, mbuzi na kondoo inasimama. Mtu aliyeweka akiba yake yote kwenye mbuzi watano anajikuta na akiba isiyouzika wakati ada inadaiwa. Kuku na sungura hawamo kwenye ugonjwa huo na wanatosha kwenye kiwanja kidogo. Kuku wachanjwe lakini, kideri hakibishi hodi.

7. SHERIA NA MAJIRANI: 7 kwa 10

Wale wa Marekani wanataka kukaa mbali na watu. Kwa sisi ni kinyume. Siku mbaya tunazijua, hatuzisomi kwenye vitabu, na aliyevuka nazo hakuvuka kwa sababu alikuwa na stoo, alivuka kwa sababu kuna mlango uliofunguliwa. Kwa hiyo somo la majirani lina uzito kuliko mengine yote.

Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006, pamoja na kanuni zake za 2010, inaturuhusu kufanya kazi, kutembea na kusomesha watoto. Siyo nchi nyingi zinazotoa hivyo. Kiwanja tunachopewa na OPM ni cha kutumia, siyo mali yetu. Hakiuzwi. Atakayekuuzia kiwanja ndani ya makazi anakuuzia kesi. Nje ya makazi mgeni hawezi kumiliki ardhi moja kwa moja kama raia, ila anaweza kukodi.

Na kukodi ndiyo njia ya kutoka kwenye ile hesabu ya miezi minne. Familia nyingi zinakodi eka moja ama nusu kwa Wanyankole jirani, kwa msimu. Lakini kuna jambo la kuelewa: wenye mashamba wengi hawakubali mpangaji apande migomba wala miti, kwa sababu mgomba unakaa miaka na mwenye kuupanda anaweza kesho kudai udongo. Ndiyo kusema zao lililoitajirisha Isingiro ndilo lile mpangaji haruhusiwi. Tusikasirike. Mzee mmoja Mnyankole aliniambia kwa upole, "Mwanangu, baba yangu aliwapokea wageni mara tatu, na kila mara mpaka wa shamba ulihama." Tukiwa tumenyang'anywa mashamba kwetu, tunapaswa kumwelewa.

Mambo ya kufanya kabla ya kulipa:

Moja, muone mwenyekiti wa LC1 wa kijiji kile, uhakikishe huyo anayekukodisha ndiye mwenyewe, na mkewe pamoja na watoto wake wakubwa wanajua.

Mbili, andikeni karatasi: ukubwa, mipaka, msimu unaanza na kuisha lini, bei, na mazao yaliyobaki shambani ni ya nani mvua ikichelewa. Mashahidi wa pande mbili watie sahihi ama dole gumba.

Tatu, kodini kwa kikundi. Familia tano zikikodi eka tatu pamoja, zinasikilizwa kuliko mtu mmoja, na mmoja akiugua shamba halilali.

Nne, ukivuna mpelekee mwenye shamba kikapu, hata kama karatasi haisemi. Hiyo ndiyo karatasi ya mwaka ujao.

TUJUMLISHE

Mvua na udongo 6, ukubwa wa shamba 2, maji 4, kuni 3, soko 7, afya 5, sheria na majirani 7. Jumla ni 34 kwa 70. Haifiki nusu. Kwenye ripoti ya shule ningeandika: "Anaweza akisaidiwa nyumbani."

Lakini tazameni alama zimekaa wapi. Isingiro inapata kubwa pale penye watu: soko, sheria, majirani. Inapata ndogo pale ambapo familia iko peke yake na kiwanja chake. Hiyo inatuambia ni familia gani itasimama hapa na ipi itaanguka.

Familia inayotegemea kiwanja peke yake, hapana, Isingiro haiifai. Itafika mwezi wa saba imeuza sufuria. Familia ya wazee tupu au wagonjwa, isiyokuwa na mikono ya kukodi na kulima nje, nayo hapana, na tusiwadanganye kwa neno "kujitegemea". Hao wanahitaji msaada uendelee, na sisi majirani tuwe wa kwanza kusema hivyo kwenye mikutano na OPM na HCR.

Familia yenye mboga kiwanjani, shamba la kukodi na wenzake, maji ya bati kwenye pipa, na mkono mmoja kwenye kazi ya pili kama ushoni, ususi, kuoka mandazi au kutengeneza baiskeli, hiyo ndiyo, inaweza kukaa. Haitatajirika, lakini mwezi wa saba ukipita watoto wake wanakuwa bado shuleni.

Alama za mvua na udongo hatuwezi kuzibadilisha, Mungu ndiye mwalimu wa somo hilo. Maji na kuni tunaweza kupandisha wenyewe kutoka 4 na 3 mpaka 6 na 6 kwa miaka miwili, bila kungoja mradi. Hapo jumla inakuwa 39, na nusu tumeivuka.

Kabla mvua ya mwezi wa tisa haijaanza, wazazi tufanye mambo matatu: mfereji wa bati, miche kumi ya sesbania ukingoni, na kuongea na familia nne za karibu juu ya kukodi pamoja. Wanafunzi wa darasa la sita na la saba wanajua kupima kiwanja kwa kamba na kupiga hesabu ya kodi kwa kila familia. Waiteni wawasaidie, ni zoezi zuri kwao.

Mwenye swali au mawazo tofauti aandike na kuyapeleka shuleni, tutayajibu toleo lijalo. Tutafurahi sana kupata barua za wale wa Juru, kwa sababu wanasema udongo wao ni mzuri kuliko wetu.



Mwalimu wa kujitolea, zoni ya Rubondo, Nakivale